Naomba ushauri: dawa ya vidonda vya tumbo, asubuhi au jioni?

Habari zenu wakuu. Niko Masasi, Mtwara. Mama yangu ana vidonda vya tumbo. Mchana anashinda vizuri tu akibangua korosho, lakini ikifika saa nane usiku anaamka kajikunja, kashika chembe ya moyo, mpaka anywe uji ndiyo apate nafuu. Inaniuma sana kumwona hivyo.

Anameza omeprazoli, dawa ya kupunguza tindikali tumboni, miligramu 20, nusu saa kabla ya chai ya asubuhi. Najua tindikali hupanda usiku na dawa hii hutakiwa kutangulia chakula. Je, akihamishia kabla ya chakula cha jioni itamsaidia zaidi? Tena anatumia diklofenaki, dawa ya maumivu ya magoti, na hiyo ndiyo inayonitisha kwa sababu huweza kuzidisha vidonda. Wataalamu, tafadhali. Jumatatu tunarudi kwa daktari, nataka nijue la kumuuliza.