Nimeandikia mabloga na mainfluensa 83, hakuna anayejibu. Nakosea wapi wakuu?

Kiti cha Nyuma: Wakuu habari za muda huu. Nina blogu ya kufundisha watu kutengeneza fanicha wenyewe, huu ni mwezi wa saba tangu niianze, makala arobaini na kitu, wasomaji ni mimi na mdogo wangu na nahisi mdogo wangu ananidanganya. Nikaamua niwaandikie mabloga na mainfluensa 83 wanisaidie kusambaza, wiki ya tatu kimya. Ujumbe uanzeje ili mtu ajibu? Ushauri tu jamani matusi hapana, usingizi wenyewe sipati.

Ngoja Waje: Ngoja waje wajuzi.

Mama Kitasa: Mdogo wangu, hao watu inboksi zao zimejaa meseji kama zako. Chagua 10, soma kazi zao kweli, ukikuta linki iliyokufa kwenye makala ya mtu mwambie, halafu umpe yako ya kuziba pengo. Mimi blogu yangu ya ushonaji ilianzia hapo, mume wangu alikuwa ananuna eti nashinda kwenye simu, siku hizi cherehani anaitia mafuta yeye bila kuambiwa.

Hesabu Kali: Hao 83 uliwaandikia mmoja mmoja?

Kiti cha Nyuma: Nilituma kwa pamoja.

Hesabu Kali: Kwa pamoja kivipi, Bcc, ile ambayo wapokeaji hawaonani?

Kiti cha Nyuma: Cc. Sikujua tofauti. Ila ujumbe ulikuwa wa heshima tupu.

Fundi Pasi: 😂😂 yaani wote 83 wanaonana, kama wake wenza walioitwa kikao kimoja na kila mmoja aliambiwa yuko peke yake

Mstaafu Mtarajiwa: Vijana mnapenda mteremko. Miezi saba ndo nini? Andika, tulia.

Hesabu Kali: Mleta mada, hakuna aliyejibu KABISA?

Kiti cha Nyuma: Kuna mmoja. Ana wafuasi laki 2 na blogu pia anayo. Nimeshampa nusu ya malipo, hela ni ya shemeji, bado sijamwambia. Lakini jamaa yuko vizuri, kanitumia skrinishoti ya takwimu zake.

Hesabu Kali: Skrinishoti hata mtoto anaihariri. Mwambie arekodi skrini huku anafungua takwimu, uone posti za mwezi huu zimefikia watu wangapi na wako nchi gani. Komenti zake zikoje?

Kiti cha Nyuma: Nyingi sana. Emoji za vimoto.

Hesabu Kali: Vimoto tu, hakuna hata mmoja anayeuliza kitu? Hao wamenunuliwa. Na linki atakayokuwekea kwenye blogu yake, ikiwa ya kulipia, Google wanataka iwe na alama ya nofollow au ile ya sponsored iliyokuja 2019, ili wasiihesabu kama linki uliyopendekezwa bure. Msomaji naye aambiwe kuwa ni tangazo.

Kiti cha Nyuma: Kasema alama zinaua mvuto na mimi naona ana pointi, mbona wote wanafanya. Nusu iliyobaki namtumia Ijumaa, nilishatoa neno.

Fundi Pasi: Shemeji yako nae ni bloga? Anastahili kujua

Sukari Guru: Hii chai. Mtu anaandika blogu miezi saba hajui Cc? Halafu angalieni, kaficha jina la blogu makusudi, anasubiri mmoja wetu aulize. Promo yenyewe ndo hii na mainfluensa wa bure ni sisi.

Mstaafu Mtarajiwa: Linki iko wapi lakini?

Sukari Guru: Mnaona?

Bloga wa Zamani: Sio chai. Mimi nimo kwenye hiyo Cc. Inaanza hivi, "Habari [weka jina la bloga hapa], nimekuwa nikifuatilia kazi zako kwa muda mrefu." Tulianza kwa kulalamika, mtu akajibu kwa wote, mwingine akajibu, sasa hivi wawili wameshapeana linki na watatu wanapanga kuandika pamoja. Kundi limechangamka kweli, tulichofanya ni kukutoa wewe tu.

Kiti cha Nyuma: Mkuu naomba mnirudishe

Ngoja Waje: Wamekuja.