Watoto wa Chumbageni

JUMANNE

Da Mwana, 12:08
Assalaam alaykum ukoo. Walioko huku Lowell, Marekani, naomba mnisikilize. Ligi wamenipigia asubuhi hii. Timu ya besiboli ya watoto wa miaka 9 na 10 haina meneja, yule baba wa mwaka jana amehama. Asipopatikana mtu mpaka Ijumaa jioni, timu inavunjwa, watoto wanagawanywa kwenye timu nyingine.

Da Mwana, 12:09
Idris, Rahma na Yusra wamo humo wote watatu.

Da Mwana, 12:09
Ni kazi ya kujitolea. Halipwi mtu.

Mjomba Seif, 12:15
Waalaykum salaam. Meneja bila mshahara? Huku Muscat nafasi hiyo ingekaa wazi mpaka Kiyama 😂

Da Mwana, 12:16
Mjomba leo nina haraka tafadhali

Mjomba Seif, 12:17
Naam mama. Besiboli ndiyo ile ya gongo na kukimbia? Si rede hiyo?

Zuwena, 12:19
Rede haina gongo Mjomba 😂😂

Mjomba Seif, 12:20
Mwanaidi huyuhuyu alikuwa bingwa wa rede Chumbageni nzima. Ukimrushia hapatikani. Basi meneja tumempata, tufunge kikao.

Da Mwana, 12:22
Jumamosi zote niko kazini mnajua. Na mechi ni Jumamosi.

Da Mwana, 12:27
Nimeulizia kila kitu ili mtu asiseme hakuambiwa. Mazoezi mara mbili kwa wiki. Meneja anapanga nani asimame wapi na nani apige wa ngapi, daftari la mechi liandikwe, wazazi wapigiwe simu mvua ikiharibu uwanja. Kabla ya yote anajaza fomu, wanaangalia kama ana rekodi ya makosa (hiyo ni kila mwaka), na kuna mafunzo ya kuwalinda watoto, anayafanya kwenye mtandao.

Da Mwana, 12:29
Na kuhesabu mipira. Hili ndilo linanitia hofu akipewa mtu asiyejali. Mtoto wa umri huo mwisho wake ni kumrushia mpigaji mipira 75 kwa siku. Akishafika 66 anapumzika siku 4 ndiyo arushe tena. Mikono yao bado inakua jamani. Mtu asipohesabu anamharibia mtoto kiwiko.

Mjomba Seif, 12:31
Waswahili na besiboli wapi na wapi

Zuwena, 12:33
Mjomba! Dar wanacheza, Azania kuna uwanja kabisa. Wajapani ndio waliowafundisha.

Wifi Wambui, 12:36
Na Lugazi je? 2012 watoto wa Uganda walifika Williamsport kwenye mashindano ya dunia ya Little League, timu ya kwanza kutoka Afrika. Wakawashinda wale wa Oregon 3-2. Hamisi hutuonyesha hiyo mechi kila mwaka theluji ikianza kuyeyuka.

Mjomba Seif, 12:37
Kumbe Waganda wametutangulia na huko 😂 haya nakwenda kula

Da Mwana, 13:10
Naona alama za bluu. Salma umesoma. Baba Yusra umesoma.

Salma, 14:40
Samahani dada nilikuwa kazini. Nani ana glavu ndogo? Ya Yusra imembana

Da Mwana, 14:41
Salma glavu baadaye. Meneja kwanza.

Salma, 14:44
Sawa. Baba Yusra jioni ana masomo. Mimi naweza kuleta maji na machungwa, na nabeba watoto watatu kwenye gari.

Da Mwana, 14:52
Asante. Jina la Hamisi nimeshawapa ligi. Watampigia kesho.

Zuwena, 14:53
Ameshakubali? 🙈

Da Mwana, 14:54
Atakubali. Kati yetu ni nani mwingine anayeujua huo mchezo? Rahma alikuwa anarusha mpira unaangukia uani kwa jirani, kakaa naye nyuma ya nyumba majira mazima mpaka sasa unafika kwenye glavu.

Hamisi, 17:26
Nimeamka. Nimesoma.

Hamisi, 17:27
Jina langu litolewe.

Da Mwana, 17:28
Hamisi mdogo wangu

Hamisi, 17:30
Dada nilishakuwa kocha mara moja katika familia hii. Yale ya kwenye maegesho sijayasahau.

Da Mwana, 17:31
Miaka miwili sasa Hamisi! Na hii sheria yake ni nyingine, kila mtoto lazima aingie na lazima apige. Hakuna wa kukaa benchi mechi nzima.

Hamisi, 17:34
Hata ile ya mpira wa miguu hakuna aliyekaa mechi nzima. Dakika nilikuwa naandika kwenye karatasi, karatasi ninayo mpaka leo. Khalid wako kifundo kilikuwa kimevimba. Kaniambia mwenyewe, kaniomba nisikwambie ili asikose fainali. Wewe hukuuliza. Ulipiga kelele.

Da Mwana, 17:36
Ujumbe huu umefutwa

Da Mwana, 17:39
Ujumbe huu umefutwa

Wifi Wambui, 17:47
Mimi ni wifi tu, lakini nitasema. Siku ile Rahma alikuwa ndani ya gari, dirisha liko wazi. Alisikia anavyoitwa babake. Wiki mbili hakugusa mpira.

Da Mwana, 17:58
Hilo sikulijua wifi.

Salma, 18:40
Nimeona glavu moja dukani ila ni ya kuvaa mkono wa kushoto. Yusra anarushia kushoto, anataka ya kuvaa kulia. Hakuna mwenye nayo?

Mama, 22:07
🎤 Sauti (1:52)

Zuwena, 22:12
Shikamooni. Bibi ndiyo katoka kuswali alfajiri. Amenisomesha meseji zote tangu mwanzo. Anataka niandike vilevile alivyosema, kwa aliyeko kazini asiyeweza kusikiliza:

"Mwanaidi. Jina la mtu halitolewi mwenyewe kalala. Hilo moja. La pili, nilikuuliza wakati ule ukaniambia, Mama yamekwisha. Kumbe yalikwisha kwako. Na wewe Hamisi, miaka miwili unanipigia kila Ijumaa, unaniuliza presha, unaniuliza mguu, hili hukunitajia. Marehemu baba yenu alikuwa mwamuzi pale Mkwakwani. Akitukanwa, akirudi anafua nguo yake nyeusi mwenyewe, anaianika, wiki ijayo anakwenda tena. Hakuwa hasikii. Alikuwa akisikia, na usiku alikuwa akiniambia. Simwambii Hamisi akubali. Nataka mzungumze, na asiwe mtu mwingine katikati. Huyo Rahma nipigieni nimsikie sauti."

Baba Yusra, 22:20
🙏🏾

Salma, 22:24
Shikamoo Mama mkubwa. Tumesikia.

Da Mwana, 22:58
Shikamoo Mama. Nimekusikia. Hamisi nitakupigia, si humu.

JUMATANO

Hamisi, 03:15
Shikamoo Mama. Niko mapumziko ya kazini. Rahma atakupigia akitoka shule, kwako itakuwa usiku kidogo, usilale mapema.

Hamisi, 03:19
Fomu nitajaza leo ili waanze kuangalia rekodi. Umeneja sijakubali. Na nikikubali, Jumamosi mbili za Mei niko zamu, lazima awepo msaidizi wa kuhesabu mipira, na yeye pia anajaza fomu.

Da Mwana, 05:50
Alhamdulillah 🤲🏾 Niwaambie ligi umekubali?

Hamisi, 05:52
Dada. Usiwaambie kitu bado.

Da Mwana, 05:53
Sawa. Sisemi.

Da Mwana, 05:53
Uko wapi sasa hivi? Naja na chai.

Hamisi, 06:10
Natoka saa moja na nusu. Maegesho ya hospitali, ghorofa ya pili.

Mjomba Seif, 06:31
Nilikuwa na wageni. Naona dada yangu amezungumza, kwa hiyo mimi nanyamaza. Sambusa za siku ya kwanza nani anapika lakini?

Salma, 07:02
Jamani glavu ya kulia

Da Mwana, 08:47
Baba Yusra, wewe masomo yako yanaisha lini? Msaidizi anatakiwa kujaza fomu kabla ya Ijumaa.

Da Mwana, 09:15
Baba Yusra naona umesoma.