Gari la kulala: kubadilisha mabomba ya maji na kuyakinga na baridi ya Minnesota

Swali
Ndugu zangu, salaam. Mwaka jana mimi na mke wangu, tunaoishi hapa Minnesota, tulinunua gari la kulala la mwaka 1992 lenye mabomba ya plastiki ya kijivu. Kabla ya theluji nilimwaga maji yote ya tangi nikaamini kazi imekwisha, lakini nilipowasha pampu mwezi wa nne, maji yalichuruzika chini ya kabati la jikoni, nikakuta kikombe cha kichujio cha pampu kimepasuka kuanzia mdomoni hadi kitakoni. Nataka kubadilisha mabomba yote kabla baridi haijarudi. Je, kulenti ya rejeta yafaa kuzuia kuganda?

Jibu la 1
Pole sana, kaka. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, hivyo hata yale kidogo yaliyobaki kwenye kichujio yalitosha kukipasua. Kulenti ya rejeta usiitie kabisa, kwa kuwa nyingi hutengenezwa kwa ethilini glaikoli, ambayo ni sumu. Nunua dawa ya kuzuia kuganda ya rangi ya waridi ya propilini glaikoli, iliyoandikwa kuwa ni ya mabomba ya maji ya kunywa. Kwanza zima hita ya maji, iache ipoe, fungua bomba la maji moto ili presha itoke, ndipo ufungue kizibo cha hita umwage maji. Hita ikishakauka, itenge kwa valvu za njia ya pembeni, la sivyo dawa itaishia humo, maana hita nyingi za magari haya huchukua galoni 6. Kisha fungua bomba moja moja, la moto na la baridi, mpaka itoke rangi ya waridi, pamoja na choo na bafu la nje, ambalo watu wengi hulisahau.

Jibu la 2
Naongezea kuhusu mabomba. Ukiweka ya PEX (plastiki inayonyumbulika), yanavumilia kutanuka kidogo, ila koki na viungo vyake havivumilii, kwa hiyo bado utahitaji dawa. Ukiwa umeshafungua kabati, weka pia koki za kumwagia maji mahali pa chini kabisa, na kimpira cha kunyonyea dawa kabla ya pampu. Ukipuliza maji yatoke kwa kompresa, usizidishe presha ya psi 40.

Muuliza swali
Asanteni sana. Nimemulika tochi chini ya sinki nikasoma maandishi PB2110 kwenye bomba.

Jibu la 2
Hiyo ni polibutilini, kaka, plastiki ya zamani inayojulikana kwa kuvuja. Yang'oe yote, usiunganishe vipande.