Naomba ushauri: kitambaa cheupe kinatoka kijivu kwenye picha za mitindo

Wakuu, habari za jioni. Nina kachumba ka studio hapa Kirumba, Mwanza, mita 3 kwa 4, dari ya chini. Nimepata kazi ya fundi cherehani anayetaka picha za magauni ya kitenge, nyuma kuwe kweupe pee.

Nina flashi mbili na softiboksi (boksi la kitambaa la kulainisha mwanga wa flashi) moja tu. Nikimwangazia mwanamitindo vizuri, kitambaa cha nyuma kinatoka kijivu kama ziwa siku ya mawingu. Najua umbali ukiwa mara mbili mwanga unabaki robo, kwa hiyo flashi ya pili nikaielekeza nyuma. Kikawa cheupe kweli, ila mwanga ukarudi ukamla dada wa watu mabegani, kingo za gauni zikapotea. Nikimsogeza mbele, mgongo wangu unagonga mlango na lenzi ya milimita 50 inamkata miguu. Na mikunjo! Nimepiga pasi mpaka mkono umechoka, bado ipo.

Nisimamishe mbao nyeusi pembeni yake kuzuia huo mwanga, au nimshawishi mteja tutumie kijivu? Anakuja Jumamosi asubuhi.