Naomba ushauri: kuhariri maandishi kwa sauti kwenye kompyuta

Wakuu, habari zenu. Kaka yangu ni mwalimu. Kiharusi kimemwacha na mikono isiyo na nguvu, ila bado anataka kuandika mwenyewe. Kwenye Google Docs, kwa kutumia Chrome, anaongea Kiswahili na maneno yanatokea vizuri. Shida ni kuhariri: amri za kuchagua aya au kufuta neno ni za Kiingereza tu. Inaniuma kumwona akisubiri mtu amfutie neno moja. Kutafuta mtandaoni kwa sauti anaweza, kufungua matokeo hawezi. Windows 11 ina Voice Access, programu ya kuendesha kompyuta kwa sauti, inayobofya kitu ukitaja namba yake kwenye skrini. Kuna aliyeitumia kwa amri za Kiingereza huku maandishi yakibaki Kiswahili? Na maikrofoni gani inafaa nyumba yenye kelele za watoto?