Ile kiunzi ya polimeri ya kuotesha mufupa, kisha inaendaka wapi?

Wa Himbi (Goma): Bandugu jambo, prof alituambia ile kiunzi ya polimeri (namna ya plastiki) wanapandaka mu mwili ili seli zijenge mufupa mupya haitolewake. Sasa inaenda wapi? Na ikiyeyuka mbele mufupa haujakomaa je?

Mama Ibanda: Unajua ule uzi wa kushonea kidonda wenye hautolewake? Ni familia moja, polimeri yenye wanaita PLGA. Maji ya mwili inakata minyororo yake kidogo kidogo, inabakia asidi ya laktiki na ya glikoliki, mwili unazitumia, zingine unazitoa.

Fundi L'shi: Yaya amesema kweli ila swali la pili njo kubwa. PLGA ya nusu laktiki, nusu glikoliki inaishaka mu mwezi moja ao mbili, PCL, polimeri ingine, inaweza pita miaka 2, kwa hiyo unachagua kufuatana na kazi. Na matundu ya kiunzi je! Kwa mufupa upana yayo ipite mikromita 100 (sehemu moja ya kumi ya milimita) ju mishipa ya damu ipate njia, mu labo wanachanganyaka polimeri na chumvi, kisha wanaosha na maji, kila punje inaacha tundu. Shida ni ile asidi ya PLGA ikijikusanya katikati ya kiunzi, inawasha tishu.

Wa Himbi: Aksanti yaya. Kumbe chumvi ya kawaida?

Fundi L'shi: Ile ile ya mezani, ila chekecha kwanza punje zilingane.