CT-Scan ya tumbo: kwa nini mifupa isisomwe pia?

Mleta mada: Wakuu, tujadili hili. Chukua mama wa miaka 68 aliyepigwa CT-Scan ya tumbo kwa ajili ya mawe kwenye figo. Pingili za kiuno zimo kwenye picha hiyohiyo, ila ripoti inazungumzia figo tu. Akija kuteleza bafuni na kuvunjika nyonga, ndipo tunajua mifupa ilikuwa imeisha.

Mimi nasema isomwe. Kipimo kimeshalipiwa, mionzi ameshaipata. Daktari wa radiolojia anaweka alama ndani ya pingili ya kwanza ya kiuno, kompyuta inatoa namba kwa vizio vya Hounsfield, yaani kipimo cha jinsi mfupa ulivyoshiba kwenye picha ya CT. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, walichapisha mwaka 2013: chini ya 110 osteoporosisi (mifupa kuwa dhaifu na kuvunjika kirahisi) inanukia sana, juu ya 160 si rahisi kuwepo. Kipimo rasmi ni DXA, eksirei maalumu ya kupima uzito wa mfupa, lakini mashine zake huku kwetu ni za kutafuta kwa tochi, wakati CT-Scan zimefika hadi hospitali za mikoa.

Mchangiaji 1: Mkuu, umeruka penye ugumu. Akishaambiwa mifupa dhaifu, aende kwa nani? Daktari wa figo atasema si yake. Halafu ile dawa ya kung'arisha picha inayochomwa mshipani hupandisha namba. Waingereza walifanya jaribio la SCOOP, la kuwachunguza mapema walio hatarini kuvunjika mifupa na kuwapa tiba, kwa wanawake zaidi ya 12,000 wa miaka 70 hadi 85. Majibu ya 2018: nyonga zilizovunjika zilipungua kwa asilimia 28, ila mivunjiko yote kwa ujumla haikupungua kwa kiasi cha maana. Na wale walikuwa na daktari wa familia wa kuwafuatilia!

Mleta mada: SCOOP inanibeba mimi, maana nyonga ndiyo inayowalaza wazee wasiinuke tena. Alendronate, dawa ya kuimarisha mifupa, ni kidonge kimoja kwa wiki. Hilo la ufuatiliaji nakubali, ni pengo.

Mchangiaji 2: Niko chumba cha picha. Tuanze na pingili zilizokwisha kubonyea. Hizo zinaonekana kwa macho ukiigeuza picha ubavuni, na bado ripoti nyingi hazizitaji. Hapo hatuna kisingizio. Namba zisubiri, kwa sababu mashine mbili zinaweza kutofautiana kwa mfupa uleule. Ripoti itaje na kliniki ya kwenda, si kuishia "apewe ushauri".

Mchangiaji 1: Kwa pingili zilizobonyea sina ubishi. Sasa DXA ya kuthibitisha wengine analipa nani, bima au mgonjwa?